Sekunde Moja Haifiki Shibiri

Kopo lenyewe ni la bati, la duara, limeshika kutu pembeni, na ukilifungua unapigwa na harufu ya siki kama ya kachumbari iliyolala. Bibi alinipa mwaka jana nilipokwenda Muheza kumsalimia. "Chukua, mjukuu wangu. Hili lidude la babu yako linanitia kichefuchefu humu ndani. Ama uondoke nalo, ama nilitupe shimoni."

Babu sikumkuta duniani. Ninachojua ni kwamba miaka ya sitini alikuwa mtu wa gari la sinema: anafika kijijini jioni, anatundika shuka jeupe, anawasha jenereta, watu wanaonyeshwa namna ya kulima kwa mistari na kuchemsha maji ya kunywa. Bibi hakumbuki mafunzo hata moja. Anachokumbuka ni mwisho wa onyesho, pale Babu alipokuwa anarudisha mkanda nyuma bila kuzima taa ya projekta. Mkulima anatembea kinyumenyume, mbegu zinaruka kutoka ardhini zinarudi mkononi mwake, maji yanapanda kutoka kwenye kikombe yanaingia kwenye sufuria. Watu walikuwa wanakaa kusubiri hicho tu. "Watoto wanapiga kelele: rudisha! rudisha! Hatukutaka kwenda mbele sisi."

Projekta sina. Basi nilifanya ambacho angefanya mtoto yeyote: nikavuta mkanda nje ya kopo, nikaushika kwenye mwanga wa dirisha, nikaanza kuupima kwa mkono.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana makala yote imesimama hapa. Mkanda wa Babu ni wa milimita 16. Fremu moja, yaani kipicha kimoja, inachukua urefu wa milimita saba na nusu hivi, kama ukucha wa kidole kidogo. Projekta ya filamu yenye sauti hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde moja ni sentimita 18 na kidogo. Shibiri yangu, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, ni sentimita 21. Sekunde moja haifiki shibiri. Dakika moja ni futi 36, ambazo ni pima sita kamili. Ukienda kwenye mkanda mpana wa milimita 35, ule wa majumba ya sinema, sekunde moja ni futi moja na nusu: mkono mmoja, dhiraa ya wauza vitambaa wa zamani, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ungeweza kwenda dukani ukasema, nikatie sekunde nne.

Video ya kwenye simu haina urefu. Huwezi kuishika sekunde yake ukaikunja ukaiweka mfukoni. Filamu ya mkanda ilikuwa nao, na kuna watu wachache katika historia ya sinema waliolitazama jambo hilo wakajiuliza swali rahisi: kama wakati umelala hapa mezani kama uzi, kwa nini nihitaji kamera? Si nichukue tu sindano?

Wa kwanza wanaotajwa sana ni wasanii wa Paris. Mwaka 1923 Man Ray, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko, aliombwa filamu kwa ajili ya usiku wa kundi la Dada, na muda aliopewa ulikuwa mfupi mno. Aliingia kwenye chumba cha giza akanyunyizia vipande vya mkanda chumvi na pilipili kama mtu anayeandaa nyama, vingine akavimwagia pini na misumari midogo, akawasha taa kwa nukta, akasafisha. Akaunganisha na picha chache alizokuwa amepiga kwa kamera na kuita Le Retour à la raison, kurejea kwenye akili timamu. Usiku wenyewe mkanda ulikatika katikati ya onyesho, na shughuli ikaisha kwa vurugu. Ni filamu ya dakika chache, na mimi naipenda zaidi kama kisa kuliko kama filamu. Man Ray alikuwa na haraka tu. Aliyekuja kuelewa kilichopo ndani ya mkanda ni mwingine kabisa.

Len Lye alizaliwa Christchurch, New Zealand, mwaka 1901. Utotoni aliishi kwa muda kwenye mnara wa taa wa baharini, na nadhani mtoto aliyelala chini ya taa inayozunguka usiku kucha hahitaji kufundishwa sinema ni nini. Akiwa kijana alikwenda kuishi Samoa, akavutiwa na sanaa za Wamaori, za Visiwa vya Pasifiki na za Afrika wakati ambapo vyuo vya sanaa vilikuwa vikifundisha sanamu za Wagiriki. Mwaka 1926 alifika London kwa meli, akilipa safari kwa kazi ya makaa. Hakuwa na pesa. Kamera ni ghali, studio ni ghali, mpiga picha ni ghali. Mabaki ya mkanda ni bure ukimjua mtu wa kukupa.

Mwaka 1935 aliikamilisha A Colour Box. Alichora rangi moja kwa moja juu ya mkanda: mistari inayotetemeka, vidoti, mapazi ya rangi yanayokimbia, juu ya muziki wa bendi ya Kikuba. Aliyelipa ni Posta. Ndiyo, Posta ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa na kitengo chake cha filamu chini ya John Grierson. Mwishoni mwa filamu, maneno yanarukaruka kuwaambia wananchi kwamba kutuma vifurushi sasa ni nafuu. Waingereza wa kawaida waliingia ukumbini kutazama mapenzi na bunduki, wakakuta kwanza dakika chache za rangi zisizo na mtu wala nyumba wala mti. Kwenye tamasha la Brussels mwaka huohuo hapakuwa na kundi la kuiweka, ikabidi libuniwe.

Sasa shika hiyo tarehe, 1935, uje nayo nyumbani. Siyo mbali na kwa Bibi, juu kwenye milima ya Usambara, kuna mahali panaitwa Vugiri. Mwaka 1935 hapo Vugiri ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa pesa zilizotoka zaidi kwenye mfuko wa Carnegie wa New York na kwa baraka za Wizara ya Makoloni ya London. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 kwa mkanda wa milimita 16, ule ule wa kopo la Babu, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalipigwa kwenye sahani za gramafoni pembeni. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, chai, kodi. Mojawapo ilihusu kuweka akiba Posta.

Posta mbili, mwaka mmoja, himaya moja. Kule Posta inampa mtu brashi na kumwambia afanye atakavyo almradi ataje bei ya vifurushi. Huku mtu anawekewa kamera mbele ya uso afundishwe kutunza shilingi. Sisemi kwamba filamu ya safura haikuwa na maana. Safura ni ugonjwa kweli na watu walikuwa wakiugua. Nasema kuhusu kitu kingine, nacho ni mwendo.

Maana pamoja na makamera ilikuja nadharia. William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria na baadaye akaongoza Kitengo cha Filamu za Kikoloni kilichoanzishwa 1939, alishikilia kwamba jicho la Mwafrika kijijini halijazoea sinema, kwa hiyo lisichanganywe. Picha iwe ndefu. Isikatwe haraka. Kusiwe na hila za kamera wala kurukaruka kutoka mahali hadi mahali. Ukienda kutoka shambani hadi nyumbani, mwonyeshe mtu akitembea njia nzima. Wengine wakayachukua mawazo hayo kama sheria. Yaani tulipangiwa mgao wa wakati: sinema ya pole, kama uji wa mgonjwa.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila mara kuthibitisha nadharia hiyo, na mimi huwa nacheka nikikisoma. Alikisimulia John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, na Marshall McLuhan akakiweka kwenye kitabu chake cha 1962. Wanakijiji mahali fulani Afrika walionyeshwa filamu ya dakika kama tano ya usafi: mtu anaondoa maji yaliyotuama, anaokota makopo, polepole, hatua kwa hatua. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waonyeshaji walikuwa hawajui kwamba kuna kuku. Ikabidi wakague mkanda fremu kwa fremu, na kweli, kuku alikuwamo, amekatiza kona ya chini kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kisa hiki kimetumika kuonyesha kwamba watu wale hawakujua kutazama picha nzima. Hebu kisome tena. Mtengeneza filamu, mwenye kamera, mwenye mkasi, aliyeitazama kazi yake mara nyingi, hakumwona kuku. Mtu aliyeitazama mara moja, kwenye shuka, na jenereta inanguruma, alimwona. Fremu ishirini na nne. Shibiri haijatimia. Sasa nani jicho lake lilikuwa zito?

Na hapa ndipo Len Lye anarudi kwenye hadithi, kwa mlango ambao sikuutarajia. Alihamia New York mwaka 1944. Mwaka 1958 alichukua mkanda mweusi wa milimita 16, ule usio na picha yoyote, giza tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, akaanza kuukwangua. Sindano, vifaa vya daktari wa meno, hata vichwa vya mishale vya mawe vya Wahindi Wekundu. Kila mkwaruzo unaondoa utando wa dawa, na pale ulipoondoka mwanga unapita. Kwenye skrini unaona mistari myeupe ndani ya giza, inajinyonga, inazunguka kama vijiti vilivyofungwa kamba, inasimama, inatetemeka, inaruka. Lye alieleza kwamba hakuwa anachora kwa vidole tu. Alishindilia kifaa kwenye mkanda halafu akatikisa mwili mzima hadi mtikisiko ushuke kwenye ncha. Ni dansi, ila sakafu yake ina upana wa sentimita moja.

Filamu hiyo inaitwa Free Radicals, na muziki wake ni ngoma za Wabagirmi wa Chad. Ngoma na sauti za watu, basi. Katika maelezo yote ya filamu niliyokutana nayo wanatajwa kwa jina la kabila peke yake, hakuna hata mpigaji mmoja mwenye jina lake, na hilo linaniuma kama linavyoniuma kwenye rekodi nyingi za zama zile. Lakini tazama kilichotokea. Wakati vitengo vya filamu vya kikoloni vilikuwa bado na imani kwamba Mwafrika anahitaji picha ya polepole, mtu aliyetafuta mwendo wa kasi kuliko wote katika sinema, mabadiliko ya fremu kwa fremu, alikwenda kuupata kwenye mikono ya wapiga ngoma wa Afrika. Mikwaruzo yake inafuata vipigo vyao. Wao ndio walioshika saa.

Ukiitazama kwenye simu, kama nilivyofanya mara ya kwanza kwenye foleni ya Ubungo, utadhani ni mapambo ya skrini ya kompyuta ya zamani. Zima taa, vaa spika za masikioni, rudia. Mara ya tatu niligundua kwamba sikuwa natazama mistari tena. Nilikuwa natazama ile sehemu nyeusi, nikingoja. Giza kwenye filamu hii ni kimya cha katikati ya vipigo viwili, na kimya hicho kina urefu wake, unaweza kukipima kwa mkono.

Toleo la kwanza lilikuwa dakika tano. Lilipata zawadi ya pili kwenye mashindano ya filamu za majaribio huko Brussels mwaka huohuo wa 1958. Zawadi ile haikuleta wafadhili. Lye akatangaza kwamba amegoma, hatengenezi filamu tena mpaka watu waanze kuzilipia, akageukia sanamu za chuma zinazotembea na kulia. Mwaka 1979, akiwa mgonjwa na umri umekwenda, alirudi kwenye Free Radicals. Unafikiri aliongeza nini? Alipunguza. Dakika tano zikawa nne. Miaka ishirini na moja, na kazi aliyoiona imebaki ni kutoa pima sita. Alifariki mwaka 1980.

Norman McLaren nitampitia haraka, siyo kwa sababu ni mdogo ila kwa sababu yeye ana wasimulizi wa kutosha. Mskoti, kijana wa chuo cha sanaa cha Glasgow, ambaye miaka ya thelathini aliosha filamu kuukuu hadi ikabaki plastiki tupu akachora juu yake. Akapita kwenye kitengo kilekile cha Posta, akaishia Kanada kwenye Bodi ya Taifa ya Filamu kuanzia 1941. Pamoja na Evelyn Lambart, mwanamke ambaye jina lake husahaulika mno, alitengeneza Begone Dull Care ya 1949 juu ya piano ya Oscar Peterson. Filamu yake ninayotaka uikumbuke ni Blinkity Blank ya 1955, iliyoshinda tuzo kuu ya filamu fupi huko Cannes. Humo aliacha sehemu kubwa ya mkanda bila kitu chochote. Anakwangua fremu moja au mbili, anaacha giza, anakwangua nyingine mbele zaidi. Jicho lako linabeba kile lilichokiona na kukivusha hadi kwenye picha inayofuata. Karibu nusu ya ndege unayemwona humo umemtengeneza wewe mwenyewe.

Kisha kuna Stan Brakhage, na hapa inabidi niongee kidogo kuhusu kumbikumbi.

Aliyekulia kwenye nyumba yenye taa moja ya nje anajua usiku wa kwanza baada ya mvua. Wanakuja kwa mamia, wanajipigiza kwenye glopu, asubuhi unafagia mabawa. Kwetu tulikuwa tunawakaanga, lakini mabawa yanabaki kila mahali, mepesi, yanapepea ukipita. Brakhage alikuwa Colorado, Marekani, ana watoto, hana pesa ya mkanda, na alichoona ni nondo waliokufa kwenye taa. Mwaka 1963 alikusanya mabawa yao, maua, majani, vipande vya nyasi, akavibandika kati ya tabaka mbili za utepe wa plastiki wenye matundu ya pembeni kama ya filamu. Akaipeleka maabara ikanakiliwa. Mothlight haina sauti, na ni ya dakika chache tu.

Kilichonishika si ule wazo la kuwafufua nondo, ingawa ni zuri. Ni kwamba Brakhage hakujali mipaka ya fremu. Jani la nyasi alililaza kwa urefu kwenye mkanda, na projekta, ambayo haijui nyasi wala nondo, ikalikatakata yenyewe kila milimita saba na nusu. Kwa hiyo muda wa kitu kwenye skrini ni urefu wake halisi. Bawa fupi ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Jani la sentimita 18 ni sekunde nzima. Hakuna kamera duniani iliyowahi kuuambia wakati ukweli kwa namna hiyo: umeishi kwa kadiri ya urefu wako.

Kwa miongo iliyofuata alipaka rangi mikanda kwa mikono, mingi ajabu, baadhi kwa miaka mfululizo ili kupata dakika chache. The Dante Quartet ya 1987 ni mojawapo. Alitumia rangi zenye kemikali za lami ya makaa, vidole vikiwa wazi, na alipopata saratani ya kibofu miaka ya tisini mwenyewe aliamini ni zile rangi zilizomdhuru. Katika siku zake za mwisho, kitandani, hakuwa na nguvu ya brashi. Alilowesha mkanda mweusi kwa mate ili utando ulainike, akaukwangua kwa kucha. Hiyo ndiyo Chinese Series. Imeishia pale alipofikia. Alifariki Machi 2003 huko Victoria, Kanada. Nimewahi kumsimulia rafiki mmoja habari hii akaniuliza, "Sasa ilikuwa na faida gani?" Sikuwa na jibu la haraka, nikamwonyesha kucha zangu.

Kwa wanaopenda rekodi: Mbaski José Antonio Sistiaga alitengeneza filamu ya milimita 35 yenye jina ndefu linalosikika kama Kibaski lakini halina maana yoyote, Ere erera baleibu izik subua aruaren. Ilimchukua kutoka 1968 hadi 1970. Dakika 75, kimya, imepakwa kwa mkono mwanzo mwisho. Hesabu ya fremu 24 inakupa fremu 108,000, na mkanda wa zaidi ya kilomita mbili. Sijaiona yote. Nimeona vipande, na nakiri kwamba nilisinzia kidogo, usingizi mzuri wenye rangi.

Wa sasa wamekwenda hatua moja mbele: wanaondoa hata mkono. David Gatten aliweka mkanda kwenye mtego wa kaa akautosa baharini Carolina Kusini, chumvi na mchanga na meno ya viumbe vikaandika picha pamoja na sauti. Na Tomonari Nishikawa, Mjapani, alifukia futi 100 za mkanda wa milimita 35 chini ya majani makavu kando ya barabara ya shamba, kilomita kama 25 kutoka kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Aliufukia jua lilipozama tarehe 24 Juni 2014, akaufukua jua lilipochomoza siku iliyofuata. Filamu inaitwa sound of a million insects, light of a thousand stars. Ni bluu inayochemka, yenye vidoti na michirizi, na spika zinakoroma. Msomaji wa Kiswahili ana bahati kidogo hapa, kwa sababu saa zetu zinaanza palepale alipoanzia yeye. Jua likizama, saa kumi na mbili, tunaanza kuhesabu upya. Mkanda ulilala ardhini usiku mmoja kamili kwa saa za Kiswahili, ukaandika kilichopita hewani na udongoni, ambacho mtu aliyesimama hapo asingekiona.

Nikarudi kwenye kopo.

Ile harufu ya siki ni plastiki ya asetati inayooza. Joto na unyevu vinaikimbiza, na Muheza ina vyote viwili kwa wingi. Utando wa picha nao umetengenezwa kwa jelatini, yaani ngozi na mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo kuvu wanaula kama chakula. Sehemu kubwa ya mkanda wa Babu imekwisha kuwa filamu isiyo na kamera bila ya mtu kuikusudia. Kuna shibiri kadhaa ambapo hakuna kilichobaki isipokuwa maua ya kuvu, meupe, yanayotanuka kutoka fremu hadi fremu. Ukivuta mkanda haraka mbele ya dirisha yanapepea. Lye angefurahi.

Nilikuwa nimepanga kufanya kitu. Nilinunua jiki, maana jiki huondoa utando wote ukabaki na plastiki safi ya kuchora. Nikatafuta sindano na kalamu za wino wa kudumu. Nikasema nitapata dakika moja, pima sita, nikamtengenezee Bibi filamu. Nikakata kwanza kipande cheusi cha mwanzo, ambacho hakikuwa na picha, nikakaa mezani kuanzia saa mbili usiku nikikwangua mstari unaoinama. Saa sita nilikuwa nimemaliza fremu 24. Sekunde moja, shingo imekakamaa, na mstari wenyewe hauinami, unashtuka.

Kabla ya kumwaga jiki kwenye beseni nikapitisha sehemu iliyobaki kwenye mwanga mara ya mwisho, kwa kioo cha kukuzia. Katikati, baada ya kuvu na kabla ya kuvu nyingine, kuna kipande kisafi. Mwanamke amesimama shambani, amefunga kanga kiunoni, ananyanyua jembe. Nyuma yake kuna vilima. Hakuna jina, hakuna maandishi, na hakuna wa kuuliza. Filamu nyingi za Vugiri zimepotea, na hii ya miaka ya baadaye sina hakika kama nakala yake ipo popote.

Nimezihesabu. Ni fremu 31. Sekunde moja na robo, kama hivi: anainama, anashika mpini, jembe linapanda hadi juu ya bega, linafika kileleni. Halafu kuvu. Nilimpelekea Bibi picha niliyopiga kwa simu dhidi ya dirisha. Alinipigia usiku uleule.

"Huyo nani?"

"Sijui, Bibi. Nilidhani wewe utamjua."

Akakaa kimya kidogo. "Na jembe lake limeshuka?"

Nikamwambia hapana, mkanda umeishia hapo. Akasema basi nijaribu kumrudisha nyuma. Jiki bado iko bafuni, nimefulia mashuka.